Kutunga muziki kutokana na mchoro wa kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanaletwa na walimu wa kwaya, wapiga kinanda, maprodyuza wa studio za mitaani na wanafunzi wa muziki hapa Mwanza na ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Yanayofanana nimeyaunganisha. Ya msingi yako juu, yenye utata yako chini.

## Mambo ya msingi

Kutunga muziki kutokana na mchoro ni kufanya nini hasa?

Ni kuamua mpangilio wa wakati ambao mchoraji hakuuweka. Mchoro unauona wote kwa mara moja: mlima, mtu, mtumbwi, wingu, vyote viko mbele yako. Muziki hauna uwezo huo. Lazima kitu kitangulie na kingine kifuate. Kwa hiyo kabla ya kujiuliza kama mchoro una huzuni au furaha, jiulize jicho lako lilitua wapi kwanza, likaenda wapi, likakwama wapi. Ukishajibu hilo, nusu ya umbo la wimbo umeshaipata.

Wengi wanaoanza hudhani kazi ni kusimulia picha kwa milio: kwenye radi ngoma ingurume, kwenye ndege filimbi ilie. Hiyo inafaa katuni. Msikilizaji akishatambua radi, amemaliza kusikiliza.

Kuna watunzi waliofanya hivi, au ni wazo jipya?

Wapo, na Ulaya kazi hii ina zaidi ya miaka 150. Mwaka 1857 Franz Liszt alitunga kipande cha okestra kutokana na mchoro wa Wilhelm von Kaulbach, ambamo roho za askari waliokufa kwenye vita vya Attila zinaendelea kupigana angani. Mwaka 1874 Modest Mussorgsky alitunga mfululizo wa vipande vya piano kutokana na maonyesho ya picha za rafiki yake marehemu, Viktor Hartmann. Mwaka 1909 Sergei Rachmaninoff alitunga *Kisiwa cha Wafu* kutokana na mchoro wa Mswisi Arnold Böcklin. Ottorino Respighi alifuata mwaka 1927 na michoro mitatu ya Botticelli, naye Paul Hindemith mwaka 1934 akatunga simfoni kutokana na michoro ya altare iliyochorwa na Grünewald mwanzoni mwa miaka ya 1500.

Mfano mmoja hutajwa kimakosa. Nota za kipande cha Claude Debussy kuhusu bahari zilipochapishwa mwaka 1905, jalada lake lilibeba wimbi maarufu la Mjapani Hokusai, na tangu hapo watu husema muziki ule ulitokana na wimbi lile. Jalada si ushahidi wa chanzo. Debussy alikuwa akitunga kuhusu bahari, na picha ile aliipenda.

Kwetu pia, mchoro na mlio vimekaa pamoja muda mrefu. Pale Moru, ndani ya Serengeti, mwamba wenye michoro ya ngao za Wamasai kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi uko jirani na jiwe kubwa linalolia likigongwa, lenye vishimo vilivyotokana na kugongwa huko. Katika kisiwa cha Dolwe, upande wa Uganda wa ziwa letu, iko michoro ya miambani na yako mawe ya kugonga. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba umeiga Wazungu.

Mchoro uwe wa kale kiasi gani?

Wowote ambao mchoraji wake hayupo kukueleza alimaanisha nini. Ukimya wake ndio unaokupa nafasi ya kutunga. Umri una uzito zaidi kwenye sheria. Tazama swali la ruhusa hapo chini.

Sijui nota. Naweza?

Unaweza. Imba kwenye simu, kisha mpelekee mwalimu wa kwaya aandike. Unachohitaji zaidi ni uvumilivu wa kuutazama mchoro mmoja kwa muda mrefu bila kushika kinanda, na hilo naona linawashinda hata wenye vyeti.

## Kuchagua mchoro

Mwanza hatuna makumbusho ya picha za rangi. Nianzie wapi?

Anza karibu. Wasukuma walikuwa na michoro ya ukutani inayostahili kujulikana kuliko inavyojulikana. Chama cha Bayeye, wacheza nyoka na waganga wa sumu ya nyoka, kilikuwa kikichora kuta za ndani za nyumba za kufundishia wanachama wapya: nyoka, watu, maumbo ya angani, kwa rangi chache za udongo. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alikusanya nakala za michoro hiyo na kuichapisha mwaka 1953. Kuta za udongo hazidumu, kwa hiyo nakala hizo ni hazina, na mtunzi wa Kisukuma anayezipita kwenda kutafuta Mona Lisa ana haki yake, ila mimi namshangaa.

Kituo cha pili ni Bujora, Kisesa, kilomita kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma pale yalianzishwa na Padri David Clement, Mkanada, na ndani utakuta ngoma za watemi na vifaa vya vyama vya ngoma. Nenda wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la mwezi Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana kucheza. Utaona jinsi rangi za mavazi, umbo la uwanja na mapigo vinavyokwenda kama kitu kimoja.

Ukivuka mpaka kwenda Kenya, kisiwani Mfangano kuna mapango ya Mawanga na Kwitone yenye miduara ndani ya miduara, myekundu na myeupe. Michoro hiyo inahusishwa na Watwa walioishi huko kabla ya Wasuba. Mwenye nauli ya mbali zaidi kuna Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini huko ni safari nyingine.

Mchoro nimeuona kwenye simu tu. Inatosha?

Inatosha, na ushahidi ni Rachmaninoff. Mwaka 1907 akiwa Paris aliona nakala ya *Kisiwa cha Wafu* isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe. Muziki ulitoka humo. Baadaye alipouona mchoro wenye rangi haukumgusa vile, akasema kwamba kama angeanza na huo, huenda asingetunga kabisa. Nakala mbovu ilimwachia nafasi.

Ninachoshauri ni hiki: tafuta nakala yenye ukubwa wa kutosha kuvuta karibu. Makumbusho makubwa kadhaa hutoa picha za kazi zao za kale bure. Metropolitan Museum ya New York ilifanya hivyo mwaka 2017, nayo ina moja ya nakala tano ambazo Böcklin alichora kati ya 1880 na 1886. Kisha igeuze nyeusi na nyeupe kwenye simu, uitazame hivyo kwa siku kadhaa. Utaona uzito wa giza na mwanga kabla rangi hazijakushawishi.

Mchoro wa Ulaya una maana gani kwa msikilizaji wa mtaa wa Kirumba hapa Mwanza?

Inategemea umechukua nini ndani yake. Ukichukua miti ya misaipresi na majabali ya Kizungu, hakuna. Lakini mchoro wa Böcklin ni nini? Ni mtumbwi mdogo, mpiga kasia, mtu aliyesimama amevaa nguo nyeupe, jeneza, maji yaliyotulia, na kisiwa cha mawe marefu mbele. Mtu wa Ukerewe au Kome hahitaji kuelezwa picha hiyo. Mawe yanayoinuka kutoka majini anayaona kila siku, na kusafirisha marehemu kwa maji si hadithi ya kutungwa.

Nitatungaje kwa mchoro wa pangoni wakati sijui maana yake?

Tunga kwa kile unachokiona, na usijifanye umeelewa kisichosemwa. Mapango ya Mfangano yamehusishwa na kuomba mvua. Unaweza kulibeba hilo. Lakini usiandike kwenye maelezo ya wimbo kwamba duara la ndani ni tumbo la mama na la nje ni ulimwengu, kwa sababu tu inasikika vizuri. Umbo lenyewe, yaani mstari unaojirudia ukipanuka, linatosha kulisha wimbo mzima. Namna ya kulifanyia kazi iko kwenye swali la miduara.

## Kutunga

Nianze na nini: melodi, mapigo au maneno?

Na mwendo. Tafuta kwenye mchoro ni nini kinachotembea, au kingetembea kama mchoro ungeachiwa: kasia, maandamano, upepo, mkono. Mwendo huo ukishauweka kwenye mapigo, melodi huja ikiwa na mahali pa kukaa.

Kisha chora ramani ya jicho. Kaa mbele ya picha, andika namba mahali jicho linapopita: moja, mbili, tatu. Mpe mtu mwingine afanye vilevile bila kuona yako. Mkilingana, mchoraji ndiye aliyewaongoza, na hapo una mfuatano wa sehemu za wimbo. Msipolingana, ni bora zaidi, kwa sababu sasa una uamuzi wa kufanya na uamuzi huo ndio utunzi. Kwenye mchoro wa Böcklin wengi huanza na yule mtu mweupe kisha wakapanda kwenye miti myeusi. Ukiamua kinyume, uanze gizani halafu mtu mweupe atokee mwishoni, umetunga kitu kingine kabisa kwa picha ileile.

Nageuzaje rangi kuwa sauti? Kuna jedwali?

Majedwali yapo mtandaoni, na hayafai. Nikolai Rimsky-Korsakov na Alexander Scriabin, Warusi wawili waliohusisha kila ufunguo wa muziki na rangi yake, walikubaliana kwamba ufunguo wa D ni njano. Ufunguo wa C kwa mmoja ulikuwa mweupe na kwa mwenzake mwekundu. Kama wao hawakukubaliana, wewe na msikilizaji wako wa Igoma hamtakubaliana.

Hesabu kiasi badala ya jina la rangi. Giza limechukua sehemu gani ya mchoro, mwanga sehemu gani? Kwa Böcklin weupe ni kidogo sana, umezungukwa na giza na mawe. Kwenye muziki hilo linaweza kuwa sauti moja ya juu, kwa muda mfupi, katikati ya besi nyingi. Usimpe soprano wimbo mzima kwa sababu tu una soprano wazuri.

Na ziheshimu rangi chache. Mchoro wenye nyekundu, nyeupe na nyeusi utungie sauti tatu tu tangu mwanzo hadi mwisho: tuseme ngoma moja, ala moja ya nyuzi, na sauti ya mtu. Prodyuza atakuomba aongeze. Mkatalie kwa upole.

Kwenye mchoro kuna mtumbwi. Napataje mwendo wa maji bila kuiga milio ya maji?

Hapa pana utajiri, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Rachmaninoff alitumia mapigo matano katika kila kipimo, yaani kila fungu la mapigo linalojirudia, na huandikwa 5/8. Matano hayagawanyiki sawa, hivyo kila kipimo kina upande mfupi na upande mrefu, mbili na tatu au tatu na mbili. Ndivyo kasia linavyofanya. Kuvuta ni kwa nguvu na ni kufupi. Kurudisha ni kwepesi na ni kurefu, na mtumbwi unateleza wenyewe. Ungetumia 6/8 ungepata mtikiso mtamu wa kubembeleza, ambao tumeusikia kwenye nyimbo mia za maji. Yale matano ndiyo yanayomfanya msikilizaji asitulie: kila akitaka kuegemea, pigo moja halipo.

Jaribu bila ala. Sema kwa sauti: *vuta, tulia, vuta, tulia*. "Vuta" ina mapigo mawili, "tulia" ina matatu. Ukisema mara nyingi bila kuvuta pumzi katikati, tayari umo kwenye 5/8. Ukigeuza, *tulia, vuta*, umepata tatu na mbili, na mtumbwi unaonekana kupambana na upepo wa mbele. Rachmaninoff hubadilisha hivyo hivyo ndani ya kipande chake kinachochukua kama dakika 20.

Kabla ya kuandika, nenda Mwaloni jioni wavuvi wa dagaa wanapojiandaa kutoka, au panda kivuko cha Kamanga ukasikilize injini. Injini ni mapigo sawa yasiyochoka, na ni mwendo mwingine kabisa. Mchoro wa kale hauna injini. Ukiweka mapigo sawa ya kompyuta chini ya mtumbwi wa kasia, masikio ya watu wa ziwani yatajua kuna kitu hakiko sawa hata kama hawatakwambia ni nini.

Kwaya yangu inageuza mapigo matano kuwa sita. Nifanyeje?

Kila kwaya hufanya hivyo, kwa kuongeza pumziko mwishoni. Usihesabu "moja hadi tano". Tumia maneno ya swali lililotangulia, wakitembea, mguu ukigusa chini kwenye *vu-* na kwenye *tu-*. Mpiga ngoma aliyekulia kwenye bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, mpe pigo la *vu-* peke yake mpaka waimbaji wakomae, la sivyo mkono wake utaitafuta sita kwa mazoea.

Kwenye nota za sol-fa, kuandika kipimo cha tano huwachanganya wasomaji. Andika kipimo cha mbili kikifuatwa na cha tatu, kwa zamu, ukurasa mzima. Karatasi inarefuka lakini watu wanaimba.

Mchoro wangu ni miduara. Hakuna hadithi wala mtu. Naufanyaje?

Mpe kila mduara idadi yake ya mapigo na uuache ujirudie. Mduara wa ndani mapigo 3, unaofuata 4, wa nje 6. Vyote vikianza pamoja vitakutana tena baada ya mapigo 12. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika hizo ni sekunde 6 tu, na sikio litashika mzunguko haraka. Ukibadilisha wa nje kuwa 5, vitakutana baada ya mapigo 60, yaani sekunde 30, na hapo msikilizaji anapotea kidogo kisha anarudishwa. Ninapendelea huo wa pili kwa mapango ya Mfangano, kwa sababu unapoyatazama macho hupoteza mstari kabla ya kuurudia.

Hata nyekundu na nyeupe zina kazi: miduara myekundu iwe ya ngozi, myeupe iwe ya chuma, njuga au kengele. Kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, kazi hii ni ya dakika chache, kwa kuweka vipande vya urefu tofauti vijirudie. Kwa watu watatu wenye ngoma itachukua wiki, na itapendeza zaidi.

Nitumie ala za jadi au kinanda?

Tumia unayoijua mikono ya mpigaji wake. Hilo likishatimia, pwani yote ya ziwa ina nyuzi za kutosha: nyatiti ya Wajaluo yenye nyuzi nane, orutu yao yenye uzi mmoja wa kusuguliwa, litungu la Wakurya lenye mlio mzito, nanga ya Wahaya iliyozoea kubeba masimulizi marefu ya mashujaa, ndono ya Wasukuma ambayo ni upinde na kibuyu. Kwa giza la Böcklin ningechukua litungu bila kusita. Kwa miduara, orutu ingesumbua. Mlio wake unavutika kama mstari, haujirudii kwa vipande.

Kinanda si dhambi. Sauti ya "nyuzi za okestra" iliyomo kwenye kinanda cha bei nafuu, hiyo naiogopa.

Niweke maneno?

Kama mchoro una maandishi, wimbo au sala inayokwenda nao, chukua hayo. Respighi, kwa mchoro wa Mamajusi, alitumia melodi ya kale ya Majilio. Hindemith alichukua wimbo wa zamani wa Kijerumani kuhusu malaika kwa picha ya malaika wanaopiga muziki. Rachmaninoff aliingiza *Dies irae*, wimbo wa Kilatini wa misa ya wafu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeweka mwimbaji. Melodi pekee ilitosha kwa aliyeijua.

Usiandike beti zinazoeleza picha: "tazama mtumbwi, tazama kisiwa". Kama lazima pawe na maneno, mpe mmoja wa waliomo kwenye mchoro azungumze. Mpiga kasia, kwa mfano.

Nataka kutunga kwa michoro kadhaa mfululizo. Nitaiunganishaje?

Mussorgsky alijitunga yeye mwenyewe akitembea kati ya picha. Kipande cha matembezi kinarudi mara kadhaa, kikiwa na vipimo vinavyobadilika kati ya 5/4 na 6/4 kama mtu asiyekwenda sawasawa, na kila kinaporudi kimeathiriwa na picha iliyopita. Hartmann alifariki mwaka 1873, maonyesho yakafanyika mwaka uliofuata, na mfululizo mzima ukaandikwa kwa kama wiki tatu za Juni 1874. Mpangilio wa okestra wa Maurice Ravel, ambao wengi wameusikia, ulikuja mwaka 1922.

Picha nyingi kati ya zile zimepotea. Muziki umebaki bila picha, na bado unasimama. Hicho ni kipimo kizuri kwa kazi yako: mtu asiyeona mchoro asikilize, umuulize kama anataka kusikia tena.

Kipande kiwe na urefu gani?

Mfupi kuliko unavyotaka. Dakika nne kwa kwaya zinatosha mchoro mmoja.

## Kuonyesha kazi

Nioneshe mchoro ukutani wakati muziki unapigwa?

Uoneshe kabla, dakika mbili au tatu, kimya. Kisha zima projekta. Ukiuacha, watu watakaa wakitafuta "sasa tuko wapi kwenye picha", na ramani yako ya jicho itashindana na yao. Chapisha pia nakala ndogo kwenye karatasi ya ratiba. Umeme wetu mnaujua.

Naweza kuutumia kanisani?

Kipande cha ala kabla ya ibada au kwenye tamasha la kwaya, kwa kawaida hakina shida. Ukiweka maneno na ukitaka uimbwe ndani ya Misa, uongozi wa liturujia wa parokia uhusishwe mapema, kabla ya mazoezi. Na kama mchoro ni wa Bayeye, jiandae kwa maswali kuhusu nyoka. Wazee wa kanisa watayauliza kwa nia njema, na unapaswa kuwa na majibu kuhusu uganga wa sumu na mafundisho.

Muziki wa mtumbwi na jeneza, Mwanza, haupotoshi hisia za watu?

Fikiria hili kabla ya kuchagua ukumbi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na mji huu na mamia ya watu wakafa. Wengi wamezikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara. Hadhira ya Mwanza ikisikia maji na kifo, haitafikiria Uswisi.

Sisemi usitunge. Nasema usitangaze kipande chako kuwa ni burudani ya kutisha, usiweke kelele za watu wanaozama, na usipange onyesho kwenye tarehe hizo bila kuzungumza na familia. Kwenye mchoro wa Böcklin hakuna ajali wala kilio. Kuna msindikizaji aliyesimama wima. Ukibaki na hilo, waliofiwa wanaweza kukaa nawe ukumbini.

## Ruhusa na mambo yenye utata

Nahitaji ruhusa ya mchoraji?

Kutunga muziki si kunakili mchoro, hivyo kwa utunzi wenyewe swali hilo huwa dogo. Linakuwa kubwa unapoweka picha kwenye jalada, bango au video. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi kwa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Böcklin alifariki 1901, Hokusai 1849. Hao hawana tatizo. Edward Said Tingatinga alifariki 1972, miaka 50 imepita, lakini picha nyingi zinazoitwa za Tingatinga zimechorwa na wengine walio hai au waliofariki karibuni. Tazama saini.

Jihadhari pia na muziki wa waliokutangulia. Rekodi ya okestra ina haki zake hata kama mtunzi alikufa zamani, kwa hiyo usikate kipande cha rekodi ya Rachmaninoff ukakiweka kwenye biti.

Na nyimbo au michoro ya jadi? Si mali ya wote?

Si kila kitu. Sheria hiyohiyo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, hasa zinapotumika kibiashara nje ya mazingira yake. Nje ya sheria kuna adabu: vyama vya ngoma vya Kisukuma vina dawa na mafundisho ya siri, na si kila wimbo uliorekodiwa ulikusudiwa kutoka. Uliza kwa wazee wa chama husika, na kama wakisema wimbo fulani hapana, chukua mwingine. Wanazo nyingi.

Naweza kwenda Moru kurekodi lile jiwe linalolia?

Nenda na mwongozo, kwa utaratibu wa hifadhi, na uulize kabla ya kugusa. Kutoka Mwanza lango la karibu ni Ndabaka, barabara ya Musoma. Usiguse wala kulowesha michoro ili ionekane vizuri kwenye picha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Ukikataliwa kugonga, rekodi upepo kati ya mawe na utafute jiwe lenye mlio kwenye milima yetu wenyewe. Mwanza haina uhaba wa mawe.

Nikiipa programu ya akili mnemba mchoro, itanitungia?

Itakupa kitu, na mara nyingi kitakuwa muziki wa filamu wenye ngoma kubwa na kwaya isiyo na maneno, mchoro uwe wa pangoni au wa kanisani. Kazi ya kuamua jicho lianzie wapi utakuwa umeiruka, nayo ndiyo iliyokuleta hapa. Kwa kuandika nota safi au kusikia sauti nne kabla ya mazoezi, kompyuta ni msaada mkubwa. MuseScore, programu ya kuandika nota, ni ya bure.

Nimemaliza. Nasajili vipi, na mchoro nautajaje?

Msanii hujisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kazi husajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kabla ya kwenda, andikeni na kusaini mgao kati ya aliyetunga, aliyeandika maneno na prodyuza, maana ugomvi huanza wimbo ukishapendwa.

Mchoro utaje chini ya jina la kipande, kwa mpangilio huu: mchoraji, jina la mchoro, mwaka, mahali ulipo. Mfano: *kutokana na mchoro wa Arnold Böcklin, Kisiwa cha Wafu, 1880, Metropolitan Museum of Art, New York*. Kwa kuwa alichora nakala tano na hazifanani, mwaka na mahali ni lazima. Pale ambapo mchoraji hajulikani, andika mahali pekee: *kutokana na michoro ya pango la Mawanga, kisiwa cha Mfangano*.